Jioni ile Stuttgart

Jumapili ya Machi 27, 2011 nilikuwa mwanafunzi Stuttgart, Ujerumani, mgeni nisiye na kura katika uchaguzi wa jimbo siku hiyo. Saa kumi na mbili jioni vituo vilipofungwa tulikuwa tumejazana sebuleni kwa jirani, bibi wa miaka sabini na kitu, macho yote kwenye runinga. CDU, chama cha kihafidhina kilichoongoza jimbo letu la Baden-Württemberg tangu 1953, bado kilikuwa cha kwanza kwa asilimia 39. Lakini Kijani, chama cha mazingira kinachopinga nyuklia, 24.2, na SPD, chama cha mrengo wa kushoto, 23.1... jumlisha, pamoja wanaipita CDU! Bibi akalia. Tangu ajali ya kinu cha nyuklia cha Fukushima, Japani, wiki mbili tu nyuma, vinu vya nyuklia vilikuwa vimemnyima usingizi. Mei 12 Winfried Kretschmann akawa waziri mkuu wa kwanza wa jimbo kutoka Kijani. Machozi yale ya bibi sijayasahau.