Kinga ya shingo aliyonivalisha kaka

Tangu mchezaji Adam Johnson afariki Oktoba 2023 kule Sheffield, Uingereza, amekatwa shingoni na kiatu cha skeiti, kile chenye kisu cha chuma chini, katikati ya mechi, watu wa hoki ya barafuni tumeongea sana habari za kinga ya shingo na shirikisho la kimataifa likaifanya kuwa lazima kwenye mashindano yake. Mi yangu ilinikuta miaka kadhaa kabla ya hapo, wakati huo kwetu watu wazima kila mtu alikuwa anaamua mwenyewe avae au asivae.

Kwenye timu alikuwepo beki mmoja katuzidi wote umri, tulimwita kaka. Kaka alikuwa hakuachii utoke chumba cha kubadilishia nguo bila kukukagua, na hakukagui umesimama, anakwambia inama kama unavyocheza, kunja magoti, nyoosha mikono na fimbo yako, afu anapitisha vidole kwenye maungio. Pedi ya kiwiko imekutana na glavu? Pedi ya ugoko imekaa sawa na ulimi wa kiatu? Bukta imeshuka ikafunika juu ya goti? Maana mtu akisimama wima mbele ya kioo kila kitu kinaonekana kimefunikwa, akiinama tu mapengo yanafunguka, na paki, kile kisahani cha mpira mgumu tunachochezea, kina gramu 156 mpaka 170, kinagandishwa kabla ya mechi ili kisidundedunde, mwenye shuti kali akikipiga kinapita kilomita 140 kwa saa. Pengo la vidole viwili linatosha kukuvunja mfupa.

Siku hiyo kufika kwangu akagusa shingo. "Mdogo wangu, hapa mbona wazi?" Nikamwambia kaka, vifaa nilivyopewa hiyo haikuwemo. Akaniuliza kama namjua Clint Malarchuk, nikasema hapana, basi akakaa kwenye benchi akanisimulia huku wenzetu wanatoka. Golikipa wa Buffalo Sabres, timu ya Marekani, Machi 1989, watu wanagombania paki mbele ya goli, mmoja akaanguka, mguu ukaruka juu na kisu cha kiatu kikampitia shingoni. Maski alikuwa nayo, mapedi ya miguu, kifua, kila kitu, ila pale palikuwa wazi. Aliyemuokoa ni mhudumu wa timu, mtu aliyewahi kuhudumia majeruhi wa vita Vietnam, alibana mshipa kwa mkono wake mpaka madaktari wakampokea. Kaka akafungua begi akatoa kinga yake ya akiba, iko kama kola hivi, ndani ina nyuzi za kevla, zile ngumu kukatika, akanifunga velkro kwa nyuma mwenyewe.

Kipindi cha pili tuko kwenye kona mimi na mchezaji wao, tunasukumana ukutani, akateleza akaangukia mgongo na mguu wake ukaja juu. Sikuona kiatu kabisa. Nilichosikia ni kola inavutwa kwa nguvu upande mmoja, afu refa anapiga firimbi, afu kaka yuko mbele yangu kashavua glavu ananishika shingo kwa mikono miwili, hasemi kitu. Akaifungua akaigeuza. Kitambaa cha nje kilichanika urefu wa kidole, sponji imetokeza, na chini yake zile nyuzi za njano zimechambuka baadhi zimekatika, lakini safu ya ndani nzima. Shingoni nilikuwa na mstari mwekundu tu, hata damu haikutoka. Yule jamaa aliyeanguka alikuja pale anatetemeka kuliko mimi, anasema samahani ndugu yangu samahani, na hakuwa na kosa lolote, kwenye barafu mtu akianguka hachagui mguu uende wapi.

Sikurudi uwanjani siku ile, magoti yalikataa. Baada ya mechi nilimshukuru kaka nikashindwa kumaliza sentensi, na yeye hata hakunisubiri nimalize, akanyoosha kidole kwenye miguu yangu. "Na hapo nyuma ya kisigino umevaa nini?" Soksi za kawaida. Akavua kiatu chake akanionyesha soksi nene zenye nyuzi zisizokatika kirahisi, akanisimulia Erik Karlsson, beki wa Ottawa Senators ya Kanada, Februari 2013, alivyokanyagwa na kiatu ikakatika kano ya kisigino. Nikamuomba anielekeze zinapouzwa, na kabla sijarudi mazoezini nilikuwa nazo tayari, pamoja na kinga ya shingo mpya yangu mwenyewe.