Mwanga Ukizidi, Mimi Hupungua

Nimeamka na uchovu wa jana. Sikubeba mzigo wala sikukesha. Nilikwenda tu kwenye duka kubwa siku ya mapumziko, kwenye jengo la aina ile ambalo ukishaingia hujui tena kama nje ni asubuhi au jioni. Saa moja kati ya rafu, nikarudi nyumbani hoi bin taabani. Nimeamua kuandika kabla sijasahau, maana hali hii ya kujihisi niko nje ya mwili wangu ina tabia ya kuondoka na ushahidi wake: kesho nitakuwa najiuliza kama kweli ilinipata.

Huanza na rangi. Zinakuwa kali mno, kila kopo na kila pakiti inapiga kelele. Maandishi nayasoma vizuri, kila herufi iko mahali pake, ila hayaniingii akilini. Baadaye umbali unavurugika. Mtu aliye hatua mbili mbele yangu namwona bapa, hana uzito wala kina. Mtoto anayelia, muziki unaotoka darini, magurudumu ya toroli, vyote vinalingana. Hakuna sauti ya karibu wala ya mbali. Ndipo nikautazama mkono wangu ulioshika kikapu. Kovu dogo la kidole gumba nalitambua, kucha iliyokatika juzi naiona, kwa hiyo ni mkono wangu, sina shaka. Lakini haukuwa na mwenyewe. Niliuambia ufunguke, ukafunguka, nami nikashangaa kwamba umenisikia.

Kwenye kaunta mhudumu aliniuliza kitu. Neno la kwanza lilinifikia, la pili likachelewa, halafu nikasikia jibu linatoka kwa sauti yangu, na lilikuwa jibu sahihi. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi ya yote. Kwa nje mambo yanakwenda barabara. Ningekuwa nimeanguka, angalau watu wangeniletea kiti.

Mdogo wangu ndiye pekee aliyegundua. "Dada, uko sawa?"

"Niko sawa."

"Mbona hupepesi macho?"

Sikuwa na jibu la haraka. Alinishika kiwiko, tukatoka.

Niliwahi kwenda kwa daktari nikiwa nimeshajihukumu kwamba akili inaniponyoka. Alinisikiliza, akanipima damu na tezi ya shingo, akaniuliza kuhusu kifafa, kipandauso, usingizi na dawa ninazotumia, kwa sababu hivyo vyote vinaweza kuleta hali inayofanana na hii. Vilipoondolewa, akanieleza kwamba kujihisi uko kando ya mwili wako, au kuona dunia si halisi, ni jambo ambalo watu wengi hulipata wakati fulani maishani, hasa wakichoka sana, wakiogopa au wakipata mshtuko. Likidumu au likirudirudi hadi kuvuruga maisha, basi linastahili matibabu, na tiba ya mazungumzo ndiyo huanza. Tofauti na kurukwa na akili, alisema, ni kwamba mwenye hali hii anajua kabisa kuwa dunia iko palepale; hisia zake tu ndizo zinakataa kuithibitisha. Nilitamani kumkumbatia.

Mwili nao una mchango wake. Hofu ikipanda, adrenalini hupanua mboni za macho, hivyo mwanga mwingi zaidi huingia mahali ambapo tayari umejaa. Unaanza kupumua harakaharaka, mara nyingi bila kujua, na kabonidioksaidi inapungua kwenye damu. Mishipa ya damu ya ubongo inabana kidogo. Hapo ndipo kizunguzungu kinapoingia, ganzi kwenye vidole na pembeni mwa mdomo, na ile hali ya kuelea. Ndiyo maana ushauri wa "vuta pumzi ndefu" ulikuwa ukinizidishia. Nilikuwa tayari navuta kupita kiasi. Kinachonisaidia ni kutoa pumzi polepole, kwa muda mrefu kuliko ninaovuta, mdomo nimeubana.

Na taa jamani, msizidharau. Tyubu za zamani, zile zenye kile kidude cha sumaku, huwaka na kufifia mara 100 kwa sekunde pale umeme unapokuwa wa hezi 50, yaani mizunguko 50 kwa sekunde, maana kila mzunguko huziwasha mara mbili. Jicho halioni, lakini hiyo si sababu ya kusema mwili haujui. Mwaka 1989 mtafiti Arnold Wilkins na wenzake walichapisha utafiti uliofanyika ofisini nchini Uingereza: tyubu hizo zilipobadilishiwa mfumo wa kuziwasha ili zisimetemete hivyo, maumivu ya kichwa na uchovu wa macho vilipungua kwa nusu au zaidi. Sisemi taa ndizo zinazonitoa kwenye mwili wangu. Nasema mtu aliyeingia tayari ana wasiwasi hahitaji na hizo juu yake.

Hali yenyewe, nikiipima kwa haki, naweza kuivumilia. Kinachonimaliza ni ukaguzi. Mimi huyu, sawa? Nahisi sakafu? Sauti yangu ikoje? Naonekanaje? Kila baada ya hatua chache najikagua tena, na kila nikijikagua najiona nimesogea mbali zaidi, kwa sababu mtu anayejitazama muda wote hawezi kuwa ndani na nje kwa pamoja. Mwanasaikolojia ninayemwona alinipa kazi moja inayoonekana ya kipuuzi: hali ikija, nisiulize kama imeondoka. Nitafute kitu cha kufanya kwa mikono, nisome viambato vya pakiti, nitafute mfuniko uliolegea, nipange vitu kwenye kikapu kwa uzito. Hali ibaki ikitaka. Jana niliweza kwa dakika kadhaa, nikasoma nyuma ya sabuni mpaka mwisho. Ilibaki, lakini haikukua.

Watu watasema jikaze. Wengine wanasema acha kwenda basi, na huo ndio ushauri ninaouogopa, kwa kuwa ni mtamu. Ukiacha duka kubwa, baadaye utaacha kituo cha mabasi, halafu ukumbi wa harusi, halafu chumba chochote chenye watu zaidi ya watano. Daktari Mjerumani Carl Westphal aliandika mwaka 1871 kuhusu wagonjwa wake waliokamatwa na hofu walipotakiwa kuvuka viwanja na mitaa mipana, na akaeleza kwamba walipata ahueni wakiwa na mtu wa kutembea naye. Nilipoisoma hiyo nilicheka peke yangu. Zaidi ya karne moja na nusu, na dawa ya kwanza bado ni kiwiko cha ndugu.

Miwani ya jua nimeiacha. Ukiivaa ndani ya jengo, macho huzoea kiza, na ukiivua mwanga unakuchoma mara mbili. Kofia yenye ukingo inatosha kuzuia zile taa za juu. Nasikia baadhi ya maduka makubwa ya Uingereza na Australia hutenga saa maalumu ambazo taa hupunguzwa na muziki huzimwa, hasa kwa ajili ya wateja wenye usonji. Wangejua ni wangapi wengine tungejipenyeza humo.

Wiki ijayo tunarudi, asubuhi mapema, kabla watu hawajajaa. Mdogo wangu amekubali kwa sharti moja, kofia nisiivae, anasema nikiivaa naonekana mtu anayekwepa madeni. Bado tunajadiliana.