Kidole cha shahada ndicho shingo

Anayejifunza budaixi, vikaragosi vya mkononi vya Fujian (jimbo la China) na Taiwan, hutamani kuanza na mapigano ya panga. Aanze na kutembea, maana huko ndiko kugumu.

Kikaragosi cha jadi kina kimo cha sentimita 30 hivi. Kichwa huchongwa kwa mti wa mkafuri na kutobolewa ndani. Shahada huingia humo ikawa shingo, gumba huwa mkono mmoja, na vidole vitatu vilivyobaki, vikiwa vimebanana, huwa mkono wa pili. Kiganja ni kifua. Shahada lazima isimame wima huku gumba na vile vitatu vikitanuka kando, na vidole havikubali hivyo bila kunyooshwa kila siku. Shahada ikilegea, kichwa huinama na watazamaji huona nywele badala ya uso.

Katika kutembea, mabega hupokezana na kiuno huyumba kidogo, lakini kimo hakibadiliki. Mkono ukichoka hushuka taratibu bila mwenyewe kujua, na jemadari huonekana anazama ardhini. Miguu ya kitambaa yenye viatu vya mbao huning'inia tu. Teke hupigwa kwa kidole cha mkono wa pili wa mchezeshaji kinachousukuma mguu kwa nyuma.

Chukua pambano la Wu Song, shujaa wa hadithi za Kichina, na simbamarara: mkono mmoja ni mtu, mwingine ni mnyama. Watoto hushangilia purukushani. Wazee hutazama pale wote wawili wanapotulia, kwa sababu hapo kifua cha Wu Song kinapaswa kupanda na kushuka. Kikikaa kimya, kila mtu anaona kipande cha mti. Kwangu mimi, pumzi hiyo inashinda sarakasi zote.

Mchezeshaji mkuu husema sauti zote, za mabinti hadi majemadari, na ngoma hufuata mkono wake. Upatu ukitangulia hata kidogo, pigo linakosa uzito.

Kuruka dirishani huja mwisho. Kikaragosi hurushwa hewani kikapinduka, na mkono mwingine hukidaka kwa kuingia moja kwa moja ndani ya joho. Mara nyingi hushindikana kwa sababu upindo wa joho umejikunja au shahada imekosa tundu la shingo. Basi mdomo wa joho uwe mpana, na urushaji uwe mfupi.