Papa au taa akinasa kwenye jarife: namna ya kumrudisha baharini akiwa hai

Jarife, wavu wa macho makubwa, hutegwa jioni na kutazamwa alfajiri, na papa wengi hufa katika saa hizo za katikati. Mbingusi, yule mwenye kichwa cha nyundo, ndiye anayeumia zaidi. Lazima aogelee ili maji yapite mashavuni. Nyuzi zikimbana, anakosa hewa. Aliyenasa saa nne usiku hakuna fundi wa kumwokoa saa kumi na moja asubuhi. Kwake dawa ni kulitazama jarife mara kwa mara usiku, au kutolitega kabisa kwenye ghuba wanakozaa.

Taa, yule samaki bapa mwenye mkia mrefu, ana nafasi kubwa zaidi. Nyuma ya kila jicho ana tundu la kuvutia maji, hivyo hupumua hata akiwa ametulia, na wengi hufika chomboni wakiwa hai. Kinachowaua baada ya hapo ni mikono yetu. Usimchome kwa kulabu, usitie vidole mashavuni wala kwenye yale matundu, usimning'inize kwa mkia. Papa na taa hawana mifupa ya kifua ya kushikilia ini na matumbo, na akining'inizwa uzito wote wa ndani humwelemea na kumchana.

Akiwezekana kuachiliwa bila kutolewa majini, mwache ubavuni mwa chombo na ukate macho ya wavu yaliyombana. Kuvuta ndiko kunakokaza uzi shingoni. Wavuvi watauliza nani atalipa wavu, na swali hilo ni la haki: mradi wowote unaohubiri kuachilia papa na usilete nyuzi za kushonea, naona haujafanya kazi yake.

Akilazimika kupanda chomboni, mfunike macho kwa gunia bichi, na akiwa taa, gunia jingine lizungushwe mkiani penye mwiba. Mwiba usikatwe. Watu wawili wambebe kwa kumkingia chini ya tumbo, kisha wamshushe taratibu, kichwa kikielekea mkondo. Papa mshikilie hapo hadi asukume mwenyewe.

Taa mwenye mimba mara nyingi huzaa kwa mshtuko wa kukamatwa. Watoto ambao kiini, kile chakula chao kama cha yai, kimeshakwisha tumboni na wanajipindapinda warudishwe upesi pamoja na mama. Wenye kifuko cha kiini kinachoning'inia hawataishi. Manta, yule taa mkubwa sana, kwa kawaida hubeba mtoto mmoja tu, kwa mwaka mzima hivi, ndiyo maana tangu 2019 Kamisheni ya Jodari ya Bahari ya Hindi inavitaka vyombo vimwachilie akiwa hai, isipokuwa vya uvuvi wa kujikimu.

Na akitokea papa upanga, yule mwenye pua ndefu yenye meno kama msumeno, ambaye pwani yetu karibu imempoteza, atakuwa amenasa kwa meno ya upanga wake. Kata wavu wote ikibidi. Upanga usiguswe: ndio anaotafutia na kupigia chakula, na ukikatwa hauoti tena.