Washington na Mama, katikati ya Julai

Mama amekuja kunitembelea kutoka Tanga, na tangu ashuke kwenye ndege alikuwa na ombi moja tu: apigwe picha Washington, wenzake wa kikoba wajue kafika. Basi Julai tukaendesha hadi upande wa Maryland, tukaacha gari kituoni na kuingia mjini kwa treni. Ngazi za umeme za vituo vya kule zinashuka chini mno, na Mama alizisomea dua mwanzo hadi mwisho.

Joto, jamani. Nilidhani mtu wa Tanga atanicheka nikilalamika, kumbe yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza. Mji umekaa kando ya mto Potomac, jasho halikauki, na upepo wa bahari ndio hakuna kabisa. "Kwetu saa hizi kipupwe," alisema akijipepea kwa ncha ya khanga. "Nyie mnaishije huku?"

Kutoka bunge lao hadi kwa Lincoln, yaani jengo la kumbukumbu ya rais wao Abraham Lincoln, ni kama kilomita tatu za majani na changarawe, kivuli kidogo. Katikati umesimama mnara wa George Washington, mita 169, na Mama aliona jambo ambalo watalii wengi wanalipita. "Mbona rangi mbili?" Kweli, ukiangalia vizuri, chini jiwe ni la rangi moja na juu ni nyingine. Walianza kujenga 1848, fedha zikakata 1854, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaingia hapo katikati, na walipoendelea 1879 marumaru ilitoka machimbo mengine. Ulikamilika 1884. Mama alifurahi sana kusikia hivyo. "Kumbe na wao! Kama nyumba ya mtu inaishia kwenye lenta, anangoja hela." Tangu hapo aliutazama ule mnara kwa huruma kidogo.

Kwa Lincoln tulipanda ngazi pole pole, picha ikapigwa, ikatumwa. Kwenye ngazi kuna mahali palipochongwa maandishi, hapo aliposimama Martin Luther King, mpigania haki za Wamarekani weusi, akihutubia tarehe 28 Agosti 1963. Vijana walikuwa wamekaa juu yake wakila aiskrimu. Ikulu tuliiona kwa mbali, nyuma ya uzio. Mama alisema ni ndogo. Sina la kuongeza.

Makumbusho mengi ya pale ni ya taasisi ya Smithsonian, na hulipi kiingilio. Fedha za kuianzisha ziliachwa na James Smithson, mwanasayansi Mwingereza ambaye hakuwahi kukanyaga Marekani akiwa hai. Mifupa yake ndiyo iliyopelekwa, 1904. Nilimweleza Mama nikidhani atacheka. Akasema, "Mungu amlaze pema, katuingiza bure."

Nilikuwa nimeshika nafasi mapema ya makumbusho ya historia ya Wamarekani weusi, yaliyofunguliwa 2016. Kuingia ni bure, ila lazima uwe na tiketi ya saa maalumu. Jengo lina matabaka matatu ya kuta za rangi ya shaba zinazotanuka kwenda juu, mfano wa taji lililochongwa kwenye nguzo za Wayoruba wa Afrika Magharibi. Mmoja wa wasanifu wake, David Adjaye, alizaliwa Dar es Salaam 1966, baba yake akiwa mwanadiplomasia wa Ghana. Hilo lilitosha Mama kuliita jengo letu.

Historia yenyewe iko chini ya ardhi. Unaingia kwenye lifti kubwa, na kadiri inavyoshuka unaona miaka ukutani ikirudi nyuma hadi karne ya 15. Huko chini taa ni hafifu na watu wanaongea kwa sauti ya chini bila kuambiwa.

Ndipo tulipofika kwenye vyuma. Ni mapande tu, yameliwa na chumvi, mtu asiyejua angepita. Mama ni binti wa baharia. "Hizo farumi," alisema kabla sijasoma chochote. Zilikuwa farumi kweli, vyuma vya kutia chombo uzito, za jahazi la Kireno la kubeba watumwa, São José, lililong'oa nanga Lisbon Aprili 1794 likiwa na zaidi ya vyuma 1,400 vya namna hiyo. Chombo kilichobeba watu kilihitaji uzito wa ziada ili kisiyumbe, maana watu ni wepesi, na wengine walikuwa wakifa njiani.

"Wao walitoka wapi?"

"Kisiwa cha Msumbiji, Mama."

"Msumbiji hii? Hii ya hapa chini kwetu?"

Hiyo hiyo. Zaidi ya watu 400 walipakiwa pale kupelekwa Brazili. Desemba mwaka huo jahazi lilivunjika miambani karibu na Cape Town, zaidi ya 200 wakafa maji, na walionusurika wakauzwa huko huko. Masalia yalipotambuliwa, mwaka 2015 udongo ulichukuliwa pwani ya Msumbiji, kwa Wamakua, ukapelekwa na wapiga mbizi hadi mahali lilipozama.

Mama alisimama pale muda mrefu kuliko alivyosimama kwa Lincoln. Tanga ina Wamakua. Wengi babu zao walikuja kama manamba kwenye mashamba ya mkonge, na mmoja wao ndiye aliyenipokea nilipozaliwa. Mimi shuleni nilisoma utumwa wa Zanzibar na Bagamoyo, na wa Marekani nikaujua kama habari ya Afrika Magharibi. Sikumbuki mwalimu yeyote aliyeunganisha bahari yetu na ile nyingine.

Ghorofa za juu, zenye muziki na michezo, hatukufika. Miguu ya Mama ilikuwa imevimba. Anarudi Tanga Septemba, na ameshasema kabla ya hapo anataka kwenda tena, safari hii tuanzie juu. Kwa hiyo kila asubuhi navizia tiketi kwenye simu, na yeye ananiuliza kabla hata sijanywa chai.