Nilivyoandika misingi ya mkataba wetu wa dagaa

Kwa asiyejua biashara ya dagaa huku Igombe, kando ya Ziwa Victoria mkoani Mwanza, hela huzunguka hivi. Giza linapoanza, yaani zile siku ambazo usiku hauna mbalamwezi, mitumbwi inaingia ziwani na taa za kuvutia dagaa. Kabla ya kuingia, tajiri wa mitumbwi anahitaji hela ya mafuta na chakula cha wavuvi. Sisi akina mama wa kuanika tunamtangulizia, naye anatuuzia ndoo za dagaa kwa bei tuliyopatana, tukibaki na deni la kulipa baadaye. Tunaanika, tunafunga magunia, mzigo unakwenda mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza mjini. Miaka yote mambo haya yalikuwa ya mdomo. Kikundi chetu kilipoamua kuandikishana na tajiri, kazi ya makaratasi ikaniangukia mimi katibu.

Wakili wa mjini alituandalia rasimu nzuri tu. Bei, tarehe za malipo, mashahidi, vyote vilikuwemo. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na kichwa cha habari "Misingi ya Makubaliano", na chini yake imeandikwa kwamba pande zote zitaongozwa na uaminifu, uwazi, kuheshimiana na haki. Nilipousoma kikaoni watu walipiga makofi, tajiri naye akiwemo. Makofi yenyewe ndiyo yaliyonitia wasiwasi. Tajiri na sisi tulikuwa tumetoka kugombana juzi tu kuhusu bei, sasa tunashangilia kitu gani kwa pamoja?

Nikarudi kwa wakili kumuuliza ukurasa ule una nguvu gani. Akanionyesha Katiba yetu ya mwaka 1977. Ina sehemu nzima ya malengo na misingi ya mwelekeo wa shughuli za Serikali, lakini ibara ya 7(2) inasema wazi kwamba masharti ya sehemu hiyo hayatekelezwi kwa nguvu ya mahakama. Halafu akanipa mfano wa upande wa pili: Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wa mwaka 1999. Nao una ibara za misingi, ya 6 na ya 7, ila Mahakama ya Afrika Mashariki ilizitumia mwaka 2007 kuamua dhidi ya Uganda, baada ya askari kuingilia mahakama ya Kampala kuzuia watu waliopewa dhamana wasitoke. Kwa hiyo misingi inaweza kuwa na meno au isiwe nayo, inategemea imeandikwaje. Kwa mikataba ya watu binafsi, akasema, mahakama za Uingereza zilishaweka utaratibu tangu 1886: kifungu kikiwa wazi, kinashinda maneno ya utangulizi, kifungu kikiwa na utata, utangulizi ndio unaokifafanua. Akanikumbusha pia kwamba kwa Sheria yetu ya Mikataba, makubaliano ambayo maana yake haijulikani wala haiwezi kujulikana ni batili.

Niliondoka pale nikiwa na wazo moja. Kila msingi tutakaouandika lazima uje na ugomvi wake.

Kikao kilichofuata nikawaambia hivyo. Mtu asitaje neno "uaminifu" mpaka aseme ni siku gani ulikosekana. Tajiri ndiye aliyeanza, na alikuwa na hasira za kweli.

"Katibu, mvua ikinyesha dagaa wenu wakaoza, mnakuja kwangu nipunguze deni. Nikikataa naonekana si mwaminifu. Mvua nimeileta mimi?"

Mama mmoja wa makamo, mkongwe wa kuanika kuliko sote, akamjibu bila kuinuka: "Mvua hujaileta, ngosha. Lakini wanunuzi wa Kongo wakishuka na hela mkononi, ndoo zetu unazipeleka kwao, sisi unatuambia ziwa limekauka. Na ziwa hatulioni lilivyokauka?"

Watu wakacheka, tajiri pia, ingawa kwa shida. Kuanzia hapo kalamu yangu haikupumzika. "Haki" ilianguka mapema, maana kila aliyeitaja alikuwa anamaanisha bei anayoitaka yeye. "Kuheshimiana" nilitaka kuiondoa, yule mama akakataa katakata. Nikamuuliza ugomvi wake uko wapi. Akasema kwenye ndoo. Wanunuzi wanataka ndoo ya kilima, iliyojaa kupita ukingo, wavuvi wanajaza nusu, na matusi yote ya ufukweni yanaanzia hapo. Basi ikaandikwa hivi: "Pande zote zitaheshimiana katika kipimo. Ndoo itasawazishwa kwa mkono mbele ya muuzaji na mnunuzi, haitashindiliwa wala kuwekwa kilima."

"Uwazi" ukawa: "Anayejua jambo litakalogusa mfuko wa mwenzake atalisema kabla mtumbwi haujaingia ziwani." Na ule wa mvua, uliochukua muda kuliko yote, ukaishia hapa: "Hasara isiyosababishwa na mtu haitabebwa na upande mmoja." Tajiri aliusaini huo kwa kusitasita. Alitaka iandikwe asilimia. Nilipinga, kwa sababu mvua ya saa moja si sawa na ya siku tatu, na asilimia ingefaa kifungu, si msingi.

Mwishoni nikaongeza aya ambayo wakili aliipenda kuliko zote. Kifungu kikiwa wazi, kifungu kifuatwe. Kikiwa kimya au kina maana mbili, msingi uamue. Anayedai msingi umevunjwa autaje kwa namba, mbele ya mwenyekiti wa BMU, yaani kikundi cha kusimamia uvuvi ufukweni, kabla giza hilo halijaisha. Hilo la namba linaonekana dogo, lakini ndilo lililomaliza kelele za "nyie si waaminifu". Siku hizi mtu anasema "msingi wa tatu", na lazima aeleze umevunjwaje.

Mvua haikutusubiri. Dagaa waliokuwa kwenye chanja walilowa siku mbili mfululizo wakageuka chakula cha kuku, bei ya kutupa. Kifungu cha malipo kilitaja tarehe bila kusema lolote kuhusu mvua. Tulikwenda kwa tajiri na karatasi, hatukwenda na machozi. Alisoma msingi wenyewe, akauliza magunia mangapi yameharibika, akaenda kuyaona mwenyewe. Hela tuliyomtangulizia ilibaki kwake kama kawaida. Deni letu la ndoo tulizokwishachukua, nusu ikasogezwa giza linalofuata. Bila karatasi angeweza kufanya hivyo kwa huruma, najua. Ila huruma ina siku zake, na wapo wenzetu haiwafikii.

Baadaye nilisoma habari za Oliver Hart, mchumi aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2016 pamoja na Bengt Holmström kwa kazi yao kuhusu mikataba. Hoja yake ni kwamba hakuna mkataba unaoweza kutaja kila kitakachotokea. Mwaka 2019 yeye na wenzake wawili walipendekeza misingi sita ya kuandikwa kwenye mikataba ya muda mrefu: kutendeana wema kwa wema, uhuru wa kila upande kuamua yaliyo yake, ukweli, kuujali ushirika, usawa, na uadilifu. Tano kati ya hizo tulikuwa tumezigusa kwa njia zetu za ufukweni. Uhuru hatukuugusa kabisa, na ndio tajiri anaoudai sasa. Anataka ndoo zinazozidi kiasi tulichopatana awauzie anaowataka, hata hao wa Kongo, bila kutuuliza.

Kwa maoni yangu ana hoja. Yule mama anasema "kinachozidi" atakihesabu nani, saa kumi alfajiri, gizani. Mkataba unahuishwa mwezi ujao na bado hatujapata sentensi ya kuwatosha wote wawili. Nilichoandika hadi sasa kinataka mtu wa kikundi asimame na wavuvi wakati wa kupakua, na hakuna aliyejitolea.