Msumeno wa duara uliokuwa ukiruka nyuma: jinsi nilivyotatua

Msumeno wa mkono wenye diski ya milimita 185 ulikata plaiwudi ya milimita 18 vizuri hadi katikati, kisha ukanguruma, diski ikabanwa na mashine ikaruka kuelekea kwa mkataji. Diski mpya haikusaidia. Kusukuma polepole kuliunguza tu kingo za mkato.

Kumbe shida ilikuwa chini. Plaiwudi ilishikiliwa kwenye ncha mbili tu, hivyo katikati ilibonyea na mkato ukajifunga, ukaibana diski.

Nilipanga papi nne (mbao nyembamba ndefu) sakafuni chini ya plaiwudi, mbili kila upande wa mstari wa kukata, zile za ndani zikiwa kama sentimita 5 kutoka kwenye mstari. Hapo ndipo penye siri: vipande vyote viwili hubaki vimelala, hakuna kinachoning'inia. Kisha nikachomoa plagi na kupunguza kina mpaka meno yatokeze milimita 6 tu chini ya ubao.

Acha diski ishike kasi kamili kabla ya kugusa ubao, na simama kando ya mstari, si nyuma yake. Ikikwama, achia swichi, ungoje isimame ndipo uinue. Ile kinga ya chini, inayofunika meno ya diski, usiifunge kwa waya ibaki wazi, hata ikikukera.